Alvina Skaar Prochaska, Aliyeandika Hadithi ya Mji Ulioacha Kusalimia

Wapendwa mliokusanyika, majirani wa Bergum na wageni mliosafiri kutoka Milwaukee, Chicago na kwingineko, familia za Skaar na Prochaska zimemtuma Anders, mdogo wa mwisho wa marehemu, asimame mbele yenu asome habari za maisha ya dada yake, jinsi alivyozaliwa, alivyosoma, alivyofanya kazi, alivyoolewa, alivyoandika na alivyotuacha, na anaomba mumvumilie.

Alvina Gunhild alizaliwa tarehe 14 Februari 1910, katika nyumba ya shambani iliyo upande wa kaskazini wa mji huu wa Bergum, jimbo la Wisconsin, akiwa mtoto wa kwanza wa Nils Skaar, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mkewe Gunda, wote wawili wakiwa wametoka Norway wakiwa vijana. Siku hiyo theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha, mkunga alishindwa kupita, na Mzee Nils akamzalisha mkewe mwenyewe kwa ujuzi alioupata kwa ng'ombe, jambo ambalo Mama Gunda hakuacha kumtania mpaka uzeeni, akisema, "Aliponiambia nisimame vizuri, nilijua amesahau ni zizi gani aliloingia."

Alianza shule mwaka 1916, shule ya chumba kimoja iliyo kando ya mto, na walimu wake walisema ni mtoto anayesikiliza kuliko anavyojibu. Alipenda kukaa chini ya meza wakubwa wakinywa kahawa, akasikia mengi ambayo hayakumhusu, na Mama Gunda alipomfukuza alitoka akarudi kwa mlango wa pili.

Hapa familia imekubaliana kusema jambo ambalo kwa miaka mingi halikusemwa katika kanisa hili, kwa sababu bila hilo maisha ya Alvina hayaeleweki, na yeye mwenyewe alituachia ruhusa.

Wakati huo wa vita kuu ya kwanza, karibu na daraja la mji wetu alikaa fundi viatu aliyeitwa Emil Rauscher, Mjerumani wa kuzaliwa, mtu mpole mwenye mke na binti mmoja, Hedwig. Watu walianza kunong'ona kwamba anasali Kijerumani mezani na madirisha yakiwa wazi, kwamba hajatundika bendera dukani, kisha wakaacha kunong'ona na wakaacha pia kumsalimia. Alvina, akiwa na miaka minane, aliona hilo kwa macho yake majira yote ya baridi, watu wakiingia dukani kuchukua viatu vyao na kutoka bila hata kusema habari za asubuhi, na mzee yule akiendelea kuwasalimia migongo.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili 1918, Alvina alikuwa mjini pamoja na wazazi wake kupeleka siagi, kundi la wanaume lilipomtoa Emil Rauscher dukani akiwa bado na nyundo mkononi. Wakamwambia aibusu bendera, akaibusu, wakamwambia apige magoti aibusu tena, akafanya hivyo pia, kisha akauliza kwa adabu kama sasa anaweza kurudi ndani, maana ana viatu vya bibi harusi anatakiwa kuvimaliza, na hapo mtu mmoja akacheka, na baada ya kicheko kile hakuna aliyeweza kuwazuia. Walimvua shati, wakammwagia lami ya moto, wakampakaza manyoya ya kuku, wakamkalisha juu ya mti wa uzio na kumbeba mpaka ng'ambo ya daraja, na huko wakamtupa mtoni ambako barafu ilikuwa ndiyo kwanza inakatika. Hakufa, ila Jumatatu yake duka lilikuwa limefungwa, na familia ile haikuonekana tena Bergum.

Alvina aliwatambua wote. Walikuwa watu waliompa peremende, waliomfundisha nyimbo za Jumapili. Na alimwona baba yake, amesimama pembeni ya kundi, hakupiga, hakusukuma, wala hakuzuia, bali mikononi alikuwa ameshika kofia za wenzake ili zisichafuke kwa lami. Njiani kurudi nyumbani Alvina aliuliza, "Baba, fundi Rauscher alifanya nini?" Mzee Nils akapiga farasi hatamu akasema, "Funika miguu, kuna upepo."

Baada ya kumaliza masomo ya sekondari mwaka 1927, alisomea ualimu, na kuanzia Septemba 1929 alifundisha katika shule ileile ya kando ya mto, mpaka mwaka 1936. Nyinyi wanafunzi wake ambao leo ni babu na bibi, na tunawaona hapa katika viti vya nyuma mlikozoea kukaa, mnakumbuka kwamba hakuwa na kiboko, na kwamba aliyemtenga mwenzake katika mchezo alikalishwa karibu naye wiki nzima na kuambiwa amwulize mwenzake maswali mpaka amjue.

Tarehe 20 Juni 1936 alifunga ndoa na Lyle Prochaska, daktari wa mifugo, Mkatoliki wa asili ya Bohemia, na ndoa hiyo ilizua maneno pande zote mbili. Mama yake Lyle alilia kanisani kwao, Mama Gunda alilia kanisani kwetu, na mchungaji wa wakati ule alimwita Alvina akamwuliza, "Binti yangu, katika Walutheri wote wa wilaya hii, hukuona hata mmoja?" naye akajibu, "Niliwaona wote, Mchungaji, ndiyo maana." Walijaliwa watoto wawili, Marit, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1938, na Owen, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1941, na wajukuu watano.

Alianza kuandika hadithi fupi baada ya Owen kuzaliwa, kwenye meza ya jikoni, wakati unga wa mkate ukiumuka, na alikuwa akisema kwamba urefu wa hadithi zake ni urefu wa kuumuka kwa mkate, hadithi ikizidi hapo watoto wanakula mkate mchachu. Lyle alimnunulia taipureta iliyokuwa na herufi moja iliyovunjika, naye akawa anaijaza kwa mkono. Hadithi za mwanzo zilihusu kuku, majirani na mvua, zikachapishwa katika magazeti ya wakulima, na Bergum yote ikajivunia, watu wakimsimamisha barabarani kumwambia, "Bi Alvina, yule jogoo ni wetu, sivyo?"

Kisha, mwezi Aprili 1950, gazeti moja la New York lilichapisha hadithi yake iliyoitwa Barafu Ikikatika. Kwa wale ambao hawajaisoma, inasimulia mji usiotajwa jina, ambako kila mwaka mtu mmoja hufukuzwa kwa fimbo mpaka juu ya barafu nyembamba ya ziwa, ili mwaka uwe mzuri. Hapigiwi kura, wala hatangazwi na mtu yeyote. Tangu Krismasi watu wanaanza tu kuacha kumsalimia mtu, mmoja leo, mwingine kesho, kila mmoja akiogopa kuwa wa mwisho kumsalimia, na siku barafu inapoanza kulia, asiyesalimiwa na yeyote ndiye anayejua kwamba ni yeye, anavaa koti lake na kutoka nje mwenyewe. Katika hadithi ile fimbo zinagawiwa na kina mama, pamoja na kahawa.

Barua zilianza kufika hata kabla ya theluji kuyeyuka yote, kutoka majimbo ambayo Alvina hajawahi kuyakanyaga, nyingi zikiwa za hasira, zikimwita mgonjwa, mwongo, msaliti wa nchi yake. Nyingine zilikuwa tofauti, kama ile ya mama mmoja wa Ohio aliyemwandikia kwamba alipomaliza kusoma alivuka barabara akagonga mlango wa jirani ambaye hawakusalimiana miaka kadhaa kwa sababu ya bustani ya maua iliyokanyagwa.

Lakini hasira iliyomuuma ilikuwa ya hapa. Alvina aliingia dukani kwa Palmer Lunde kununua hamira, akaambiwa hakuna, ilhali hamira iko rafuni nyuma ya bega la mwenye duka. Alisalimia, hakuitikiwa. Wakulima waliacha kumwita Lyle ng'ombe wao wanapokwama kuzaa, wakawa wanamwita daktari wa mji wa pili anayefika ndama ameshakufa. Jumapili, benchi lake hapa kanisani lilibaki tupu kushoto na kulia kwake. Alvina alilia jikoni, akamwambia mumewe kwamba amewaharibia kazi na maisha, naye Lyle, ambaye Mungu alimpa moyo mwepesi, akamjibu, "Ng'ombe wenyewe hawajasoma hadithi yako, mpenzi. Tusubiri."

Tarehe 11 Juni 1950, baada ya ibada, umoja wa kina mama ulimwita katika ukumbi wa chini wa kanisa hili, wanaume wakaja pia ingawa hawakuitwa. Mwenyekiti alikuwa Bi Thora Lunde, mke wa Palmer, marehemu sasa, mwanamke aliyeheshimiwa na ambaye watoto wake wamekubali tuyasome haya.

"Alvina," alisema Bi Thora, "sisi tumekulea. Tunachoomba ni kidogo. Uandike mistari miwili katika gazeti la wilaya, useme mji ule si Bergum."

"Bi Thora, sikuandika Bergum popote."

"Watu wanasema ni sisi."

"Watu gani? Wa New York hawajui kama mpo. Anayesema ni nyinyi ni nyinyi wenyewe. Mmejuaje?"

Birika la kahawa lilikuwa likichemka pembeni. Palmer Lunde akainuka, uso mwekundu, akasema, "Mtoto mdogo hukumbuka vibaya. Yule mtu aliondoka kwa hiari yake. Hakuna aliyemfanya kitu."

Alvina alikuwa amemwona baba yake anasimama, naye alikuwa amemwogopea baba yake kuliko alivyojiogopea mwenyewe, na katika wiki zile zote hakuwahi kumwuliza kama ameisoma hadithi. Mzee Nils alikuwa na miaka sabini na minne, hakuwahi kusema neno katika mkutano wowote wa kanisa, hata wa kununua kengele.

"Palmer," alisema, "ulikuwepo. Mimi nilishika kofia yako. Ilikuwa mpya, ina utepe wa hariri, ukaniambia niishike kwa ukingo nisiibonyeze."

"Nils, kaa chini."

"Nimekaa miaka thelathini. Nilishika kofia zenu wote, kwa uangalifu, kama mtu anayefanya kazi nzuri. Mwanangu hakukumbuka vibaya. Amenihurumia tu, kofia hakuziandika."

Bi Thora aliketi, na jambo alilolisema halikutegemewa na yeyote, hata na mumewe. "Viatu vilikuwa vyangu," alisema. "Vya harusi. Niliolewa nimevaa viatu vya dada yangu, vikanibana, na siku nzima nilikuwa najua kwa nini." Wengine walitoka wakibamiza mlango, wengine walibaki wakiinamisha vichwa, na Mama Gunda, asiyeweza kuona watu wamekaa bila kitu mkononi, akachukua birika akapita kati yao akisema, "Kunyweni kwanza, itapoa, mtalia baadaye."

Mwezi Agosti mwaka huohuo Alvina na baba yake walipanda treni kwenda Milwaukee, walikoambiwa familia ya Rauscher ilihamia. Emil Rauscher alikuwa ameshafariki mwaka 1931. Walimpata binti yake Hedwig, mshonaji wa nguo, hakuolewa, akiishi juu ya duka la mikate, akawafungulia mlango akiwa na pini mdomoni, akawasikiliza wakiwa wamesimama. Mzee Nils alisema jina lake, akasema alichofanya, kwamba hakupiga, kwamba alishika kofia. Hedwig akatoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye kimto chake cha pini, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana hukumsaidia. Mikono yako ilikuwa imejaa."

Mzee Nils alisema baadaye kwamba hakuna fimbo ingeweza kumwumiza kama neno lile, na kwamba alistahili. Hedwig hakumwambia amemsamehe, siku ile wala siku nyingine. Aliwaambia tu, "Sijui niwafanye nini. Kaeni," akawakatia keki ya zambarau, akamwomba Alvina amweleze hadithi yote, maana gazeti hakuliona, na Alvina alipofika mwisho, mahali mtu anapovaa koti lake, Hedwig alisema, "Hapo umekosea. Baba hakutoka mwenyewe. Alishikilia mlango."

Alvina alirudi nyumbani akaibadilisha hadithi, na hivyo ndivyo ilivyo katika kitabu chake cha kwanza kilichotoka mwaka 1953, mwishoni yule mtu anashikilia mlango kwa mikono miwili, na wenye fimbo inabidi wamvunje vidole huku wakimwita kwa jina. Wengi wamesema mwisho ule ni mgumu zaidi kusoma. Alvina alisema ni wa kweli zaidi, na kwamba alikuwa amempa aliyeonewa adabu ambayo waliomwonea ndio walioihitaji.

Kiangazi cha mwaka 1951 Hedwig alikuja Bergum kwa hiari yake, akitaka kuliona duka la baba yake, ambalo wakati huo lilikuwa limegeuzwa saluni. Alisimama mbele ya dirisha na Alvina, mji wote ukichungulia nyuma ya mapazia. Bi Thora Lunde alitoka nyumbani kwake upande wa pili, bila kofia, bado na aproni, akavuka barabara akasema, "Habari za asubuhi, Bi Rauscher." Hedwig alimtazama, kisha akaitika, "Nzuri," basi, hakuongeza. Lakini alirudi mwaka uliofuata, na kila kiangazi mpaka kifo chake mwaka 1974, akilala katika chumba cha juu kwa Alvina, akiwa ndiye msomaji wa kwanza wa kila hadithi, na hukumu yake ilikuwa "Hii mbaya" au kimya, na kimya ndicho kilichokuwa sifa. Palmer Lunde hakuitikia salamu ya Alvina mpaka anakufa, na Alvina hakuacha kumsalimia. Ng'ombe, kama Lyle alivyobashiri, walimrudisha daktari wao kazini kabla ya majira ya baridi ya mwaka uleule wa 1950.

Marehemu aliandika vitabu vinne vya hadithi fupi, akafundisha uandishi katika chuo cha walimu kuanzia 1958 hadi 1975, na wanafunzi wake wanasema alikuwa mkali kwa sentensi, mpole kwa mtu. Mumewe Lyle alifariki tarehe 8 Machi 1969, akirudi kutoka kumzalisha ng'ombe, na tangu siku ile Alvina aliacha kuoka mkate, akawa anaandika hadithi ndefu zaidi, akisema hakuna wa kumharakisha.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Mei 1980. Alilazwa mara kadhaa katika hospitali ya wilaya, ambako alisoma hadithi kwa sauti kwa wagonjwa wa wodi yake, akizikatiza kila muuguzi alipoingia ili wapate sababu ya kuamka kesho. Wiki tatu zilizopita aliomba arudishwe nyumbani. Jumatatu, tarehe 2 Novemba 1981, adhuhuri, watoto wake wote wawili wakiwa kando ya kitanda, Marit alimwuliza kama anataka maji, akasema, "Nataka, lakini malizeni kwanza ugomvi wenu," kwa maana Marit na Owen walikuwa wakibishana nani apike. Maji yalipofika alikuwa ameshalala, na hakuamka.

Familia inamshukuru Daktari Pauline Ostby na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomvumilia mgonjwa aliyewasahihisha maneno katika kadi yake ya matibabu. Inawashukuru majirani walioondoa theluji mlangoni kwake misimu miwili bila kuombwa, umoja wa kina mama ulioandaa chakula kinachotungoja chini, watoto na wajukuu wa Bi Thora waliobeba jeneza, ndugu wa ukoo wa Rauscher waliosafiri tangu jana, walimu wenzake na wanafunzi wa chuo, wahariri wake, na Mchungaji aliyekubali historia hii isomwe yote bila kuipunguza.

Marehemu aliacha agizo kwamba tusimalize bila kuwashukuru pia wote walioichukia hadithi yake, wa karibu na wa mbali, walioandika barua za hasira na waliotoka wakibamiza mlango, kwa sababu, alisema, kati ya watu wote, wao ndio waliosoma kwa makini zaidi.

Alvina, dada yetu, mama yetu, mwalimu wetu, tunakushukuru. Kazi imekwisha, unga umeumuka. Pumzika, na amani ya Mungu ikufunike.